Pombe ya Matanga Yako

Muyinga, Burundi
18 Julai 2011

Kwa Damiano Elikana,
Biharamulo, Tanzania.

Mpendwa kaka Damiano,

Hujambo, kaka? Mgongo unakusumbua bado? Wifi Adventina hajambo, na watoto wote, na yule mdogo wa pumu, kifua kimetulia kiangazi hiki? Sisi huku tu wazima. Thomas anakuamkia, ameezeka jiko upya na anajisifu kama amejenga kanisa. Maharage tumevuna ya kutosha. Mwanangu wa mwisho ameota jino la mbele, akicheka utadhani ni wewe.

Nimeanza na salamu kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua kule kambini Lukole, na ulisema barua isiyo na salamu ni tusi. Isingekuwa hivyo, kaka, leo ningeanza na tusi lenyewe.

Alhamisi nilikupigia simu. Ulipokea ukasema, "Haloo, mdogo wangu, za huko?" kwa sauti yako ileile, nikakata. Najua ulilaumu mtandao. Mtandao hauna kosa lolote.

Nilikwenda Gitega.

Nakuona unavyokaa chini. Kaa tu. Siku zote ulituambia Gitega hakuna kitu, ni milima na upepo, na wetu wote waliisha mwaka ule wa tisini na tatu. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa tulipokimbia, ningejua nini? Mwaka huu, baada ya mavuno, nikamwambia Thomas nataka kuuona mji nilikozaliwa, hata kama ni wa kuangalia kuta tu. Akabaki na watoto, nami nikaondoka kupitia Karuzi.

Jamani, kaka, mbona hukusema ni mzuri hivyo? Mji umekaa juu ya vilima, umetulia, asubuhi ukungu unalala mabondeni na baridi inaingia mpaka kwenye fizi. Watu wanatembea kwa miguu bila haraka, wanasalimiana njia nzima. Baiskeli zinashuka na mikungu ya ndizi, mwenye baiskeli anafunga breki kwa kandambili zake. Mgeni wa kupiga picha hayupo hata wa dawa, wote wanaishia Bujumbura kula samaki ziwani. Nilipanda hadi Gishora kwenye ngoma za wafalme, nikamkuta mlinzi anasinzia juani. Akaamka akanionyesha kila kitu mimi peke yangu, tena kwa furaha, maana alikuwa na kiu ya mtu wa kuongea naye.

Nilipata chumba kwa masista, safi, blanketi mbili. Nilikaa kitandani nikawaza, nikirudi nitamwambia kaka aje apumzishe mgongo wake huku. Ndivyo nilivyokuwa nawaza, mjinga mimi.

Kesho yake nilikwenda Magarama, kwenye vile viduka, nikauliza kama kuna anayemkumbuka mzee Elikana aliyekuwa fundi wa baiskeli. Muuza chumvi wa kwanza tu akapiga kelele! Akanishika mkono mpaka kwa mzee mmoja anayeuza spoku na minyororo. Mzee akaniangalia uso, akaangalia mikono yangu, akaanza kulia. Ni baba mdogo Sebastiani. Yuko hai, kaka. Baba mdogo Sebastiani uliyesema alichomewa ndani ya nyumba yuko hai, ana meno yake yote, na anadai baba alimkopa spana.

Hapo bado nilikuwa nacheka na kulia kwa furaha. Nilijisemea moyoni, kaka hakujua, maskini, vita vilikuwa vita. Kwa kilio kile hakuniuliza nani aliyenilea, nami sikukutaja.

Jumapili baada ya misa baba mdogo akanichukua mpaka Yoba, kwenye nyumba moja ya matofali yenye mlango wa bluu. Ndugu walikuwa wamekusanyika. Uani walikuwa wameanika kimea cha mtama, mikeka na mikeka, nikajua hapa kuna pombe kubwa inakuja. Mwanamke mwenye nyumba akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akawa ananiita wifi yangu, wifi yangu. Nikadhani ni ukarimu wa watu wa mlimani tu.

Tukaketi kula. Nikauliza, hii pombe ni ya harusi ya nani? Baba mdogo akasema si harusi, ni kuganduka. Wewe unajua ni nini, mimi mtoto wa kambini ndiye niliyehitaji kuelezwa. Akanieleza kwamba ni kumaliza matanga kabisa: ndugu wanakutana, wanakunywa, mtu wa nyumba ya marehemu anasimama na kusema tumelia, imetosha, kila mmoja arudi kwenye maisha yake. Siku hiyo mjane anafunguliwa, akitaka anaolewa. Akasema matanga haya yamechelewa miaka mingi, na sasa Mungu amemleta mtoto wa tumbo moja na marehemu aje aseme yale maneno.

Nikasema, tumbo moja na nani?

"Na Damiano," akasema.

Nikacheka, kaka. Mdomo wangu unaujua, hauna mlango. Nikasema, "Damiano yupi? Kama ni kaka yangu, huyo mnamlilia bure! Yuko Biharamulo anauza mbao, ana watoto wanne na kitambi!"

Nilicheka peke yangu.

Yule mwanamke alikuwa anampakulia baba mdogo. Akaendelea kupakua. Maharage yakajaa sahani, yakamwagikia magoti ya mzee, na mzee hakusogea. Halafu akaniuliza taratibu, kama anauliza bei ya sabuni, "Watoto wane? Na mama yao iko nani?"

Mungu wangu! Ndipo nikaelewa niko ndani ya nyumba ya nani. Anaitwa Imelda. Ni mke wako, uliyemwacha huku tulipokimbia. Mahari yake baba alitoa, nyumba hiyo uliijenga wewe, mlango huo uliupaka wewe rangi. Nami, niliyekula kwa mkono wako na kulala kwenye blanketi lako miaka yote, sikuwahi kusikia jina lake. Mama alikufa kabla sijajua kusoma. Nani mwingine angeniambia?

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikwenda, wakaugua wote. Shangazi mmoja akaanza kusali rozari kwa sauti. Pale mlangoni alikuwepo mwanamume mmoja, Egidius, mgane, fundi seremala, mtu wa maneno machache. Ndiye aliyemwomba Imelda waoane, na amemsubiri muda mrefu. Akainuka akavaa koti lake, akalivua, akaketi tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Baba mdogo akapiga fimbo chini. Akasema hakuna tena kuganduka. Kumaliza matanga ya mtu anayepumua ni kumwita kifo, na mwanamke mwenye mume haolewi. Yaani kaka, kabla sijameza tonge langu, Imelda alikuwa si mjane tena. Ni mimi niliyemfunga. Nimemrudishia mume, na mume mwenyewe hayupo.

Nilidhani huo ndio mshangao wote. Kumbe ulikuwa salamu tu.

Jumatatu Imelda akaniambia twende Magarama kwa Kassimu, fundi cherehani. Wakati ule Kassimu alikuwa akiuza vitambaa makambini, na yeye ndiye aliyeleta habari za kifo chako pamoja na lile koti lako la kahawia. Imelda alisimama mbele ya cherehani akasema, "Mzee Kassimu, Damiano iko mzima. We ulimwona wapi akikufa?"

Mzee wa watu akaondoa mguu kwenye cherehani. Akasema, "Astaghafirullah, binti yangu, sikumwona akifa. Yeye mwenyewe alinituma. Alivua koti akanipa, akaniomba kwa jina la Mwenyezi Mungu."

Kaka, niambie Kassimu amezeeka na anachanganya mambo. Niambie ni uongo! Nimekaa wiki nzima nikitafuta namna nyingine ya kuielewa habari hii na sijaipata. Anasema ulilia. Anasema ulimwambia, yeye ni mdogo bado, mimi sirudi, mwambie nimekufa asinisubiri, aolewe. Huenda hivyo ndivyo ulivyomhurumia. Huenda ulidhani unamfungulia mlango. Lakini kwa nini hukuuliza hata siku moja kama alitoka?

Hakutoka. Alinyoa nywele, akalia, akakataa kila mwanamume aliyebisha hodi, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kaburi. Alimzika mama yake akiwa mjane wako. Alilima shamba la baba asilolidai mtu, akampelekea baba mdogo nusu ya mavuno kila msimu, kwa heshima ya jina lako. Mwaka huu ndipo amekubali matanga yaishe, kwa sababu Egidius alimwambia hatamwomba tena. Na mwaka huu ndipo nikaenda mimi na mdomo wangu.

Nilikasirika, kaka, sikufichi. Ungekuwa karibu ningekurushia sufuria, na heshima zote za kaka mkubwa ningeziokota baadaye. Halafu nakumbuka ulivyokuwa unanipa ukoko na wewe ukisema umeshiba, nalia. Nakasirika na kulia kwa zamu, Thomas ameshindwa kunielewa.

Tuliporudi Yoba, Imelda aliwaita wote. Hakupaza sauti. Nakuandikia kama alivyosema: "Mi nimelia huyu mtu, na machozi yangu haikuwa ya uongo. Yeye mwenyewe alitaka akufe. Basi akufe vizuri. Kimea iko tayari, watu wamealikwa. Jumamosi ya tarehe makumi tatu tunakunywa."

Baba mdogo akapiga fimbo tena. Akasema hakuna mtu wa nyumba ya Elikana atakayethubutu kufungua mdomo juu ya mtu aliye hai. Wanaume wote wakaangalia viatu vyao. Imelda hakuniomba, aliniangalia tu.

Nikasema nitasema mimi.

Baba mdogo hajazungumza nami tangu hapo, ila asubuhi nilipoondoka alinipa andazi la njiani na swali moja nitakalokuandikia mwishoni.

Sasa sikiliza, kaka. Barua hii anakuletea Zuberi, mfanyabiashara wa hapa Muyinga anayevuka mpaka pale Kobero. Akishauza mzigo wake anarudi, na nimemwomba akuachie nafasi garini. Njoo naye. Njoo Yoba usimame mbele ya baba mdogo, useme kwa kinywa chako kwamba Imelda hafungwi nawe. Ukisema hivyo, mzee atampa baraka, na Egidius atamwoa mchana kweupe, bila mtu kunong'ona. Utatukanwa, hilo sikufichi, na shangazi wa rozari ana kofi zito. Lakini utakula, na utatoka pale ukiwa mtu.

Usipokuja, nitasimama mimi. Nitashika kata ya pombe nitasema, Damiano mwana wa Elikana tumemlilia, tumemaliza, mke wake yuko huru. Nikishasema hivyo mbele ya watu siwezi kukupigia simu jioni nikuulize habari za mgongo. Nitakuwa nampigia nani? Wewe ndiye baba na mama niliowajua. Usinifanye nikuzike, kaka, nakuomba kwa magoti.

Wifi Adventina mwambie mwenyewe, tena leo, kabla Zuberi hajamaliza chai yake, maana naye mdomo wake ni ndugu wa mdomo wangu. Mficha maradhi kilio humuumbua. Yeye hana kosa, na watoto hawana kosa, na hivyo ndivyo nitakavyosema popote nitakapoulizwa.

Wabusu watoto wote, yule wa pumu mara mbili. Nisalimie majirani zako tuliokaa nao Lukole. Thomas anasema uje na shati zito, Gitega ni baridi. Baba mdogo Sebastiani hakutuma salamu, ila aliniuliza kama bado unakohoa usiku kama ulipokuwa mtoto, nami nahesabu hiyo ni salamu.

Mungu aliyekuvusha mto ukiwa na mimi akuvushe na huu. Mimi ni Theodosia, mdogo wako uliyemlea, na kukupenda sijaacha hata kwa wiki hii.

Imelda naye nilimwuliza, pale mlangoni, kama ana salamu zozote nikuandikie. Alikuwa anageuza kimea juani. Akasema, "Wifi, tangu lini maiti inatumiwa salamu?" Akaendelea na kazi yake.