Kikuku Kilichokataa Kuwa Cheusi

Mama yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute Kipini ukiwa mzima, na goti lako liwe limetulia. Sisi huku Garsen hatujambo kiasi. Mto umejaa, mbu wametuzidi, na Omari wangu alitoka upele mwili mzima ila sasa anaanza kupona. Kabla hujaendelea kusomewa, utazame uzi mwekundu niliofungia barua hii. Kama fundo lilikuwa limelegea, jua imefunguliwa njiani. Na msomaji awe kaka Shee peke yake, mlango ufungwe.

Nimepata ujumbe wako kuwa harusi ya Zainabu imekaribia, na unataka mdogo wangu avae vile vikuku viwili vya fedha nilivyoolewa navyo mimi, na wewe, na bibi kabla yetu. Mama, sikuvichezea. Nikienda mtoni kufua navivua. Ndimu siigusi navyo, na nikipaka hina naviweka kando. Maji yalipoingia mpaka uani nilivifukia kwenye kapu la mpunga mkavu, juu darini, unyevu usivipate.

Lakini mwezi uliopita homa ilinilaza nikiwa na kimoja mkononi, kingine kimo kapuni. Mikono ikavimba. Wifi yangu Halima, dada yake babake Omari, ndiye aliyetuuguza. Alinivua kile kikuku akakivaa mwenyewe, eti kisipotee. Nilipopata nguvu ya kukaa nikakiona mkononi mwake ni cheusi tii. Nikajua amekibadilisha. Huyu wifi siku zote ana jicho la kupenda vya watu. Nikamwita mwizi, majirani wakisikia.

Akanijibu, "Mimi nimempaka mwanao kibiriti upele na samli asubuhi na jioni, mkono na kikuku vyote vimo humo humo. Wewe umelala hujui jua wala mvua. Leo nimekuwa mwizi?"

Kibiriti upele ni ule unga wa manjano, tulipewa na Mzungu wa misheni ya juu ya mto. Sikumwamini hata kidogo. Nikamwambia fedha ya mama yangu haigeuki masizi kwa dawa ya upele. Basi akapanda darini, akateremsha kikuku cha pili, akakipaka ule unga na samli ndani ya bakuli, mbele ya macho yangu. "Haya, tuone hiki kitafanyaje."

Nami nikaona anaweza kuwa na hila yake. Nikavua pete ya fedha uliyonipa wewe, nikaitia kwenye bakuli lile lile, nikalala nalo kando ya mto wa kichwa asiliguse mtu. Asubuhi pete imekuwa nyeusi. Kikuku cheupe vile vile. Nikavishika vikuku vyote viwili, kimoja mkono huu na kimoja mkono huu, hiki cheupe kikawa chepesi. Nikakikwangua kwa kisu upande wa ndani, kikakwanguka kama nta. Mama, ni bati. Kile cheusi nilichokitukana ndicho chako.

Halima akaanza kulia, na si kwa sababu nilimwita mwizi. Anajua kama ninavyojua mimi kuwa kikuku kile cheupe kilitoka nyumbani mara moja tu. Mwaka jana pini yake ililegea, na babake Omari akakipeleka kwa sonara Lamu. Alirudi nacho kinang'aa, nikamshukuru. Haukupita muda akaonekana na mtamba wa ng'ombe, akasema amepewa na rafiki yake Mworma, mfugaji, kwa udugu wao. Sikuuliza. Sasa akikohoa tu najiuliza anakohoa nini. Huenda sonara alimchezea shere. Huenda. Ninaumia, mama, maana nampenda.

Hajui kuwa tumekijaribu. Nimempa kile cheupe akilete mwenyewe akija harusini. Cheusi amekivaa Halima, anayekuletea barua hii. Msikitie kwenye maji ya chumvi. Kisugueni kwa majivu laini na kitambaa, mkikaushe vizuri, kitarudi. Halima ameapa hatasema neno. Namwamini nusu, yule ni ndugu yake.

Nisalimie kaka Shee, na shangazi mpika halua, na mjomba wetu mwadhini. Zainabu mwambie avae hicho kimoja kwa raha zake, asiulize kingine.

Babake Omari akifika, mkaribishe kama mkwe, ale ashibe. Kisha umwombe kikuku akupe kwa mkono wake, ukikwangue kwa kisu mbele yake, umwambie ni bati. Usitazame kikuku, mama. Mtazame uso. Akishangaa, basi alidanganywa naye, nami nitabaki naye. Asiposhangaa, mtume kaka Shee aje kutuchukua, mimi na Omari.

Ni mimi mwanao,
Mwanaisha