Chai Iliyomwagwa Nyuma ya Nyumba

Kwako dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba goti lililokuwa likikusumbua limepata nafuu. Mimi mwili wangu hauna shida. Roho ndiyo iliyochafuka, na kila nikishika kalamu naiweka tena chini. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia mtu yeyote simu.

Nashukuru kwa jinsi ulivyombembeleza shemeji mpaka akanichukua kazini. Kazi, kama ulivyosikia, ni ya kutafuta madini ya urani. Kampuni yake imekodi shamba kubwa la mifugo lililotelekezwa, mbali na barabara kiasi kwamba vumbi likionekana upeoni watu wote hutoka kuangalia nani anakuja. Mwenye shamba anaishi mjini. Waliobaki ni mlinzi na mkewe, watu wazima wenye mbuzi wao, wanaokaa kijumba cha uani. Sisi tulipewa nyumba kubwa, na mtambo wa kuchoronga miamba ukasimikwa kwenye zizi la zamani. Mimi nilipewa kipima mionzi. Unatembea nacho polepole kikilia tik, tik. Kikianza kukazana, unapigilia kigingi hapo.

Huko ndiko nilikomjua mumeo. Nyumbani kwako ni mtu wa kunawa mpaka viwiko na kukaribisha wageni kwa mikono miwili. Kambini anapandisha buti zenye matope juu ya meza tunayolia chakula, anasukutua mdomo na kutema dirishani, palepale mke wa mlinzi anapopita na ndoo. Hayo ningeyameza, maana kambi si harusi. Lakini matope ya mtambo, yale mazito ya kijivu yanayonuka mafuta, aliagiza yaelekezwe kwenye bonde wanakonywea maji mbuzi. Mlinzi alikuja kwa adabu zake zote, kofia mkononi, akauliza kama hayawezi kupitishwa upande mwingine. Shemeji akamjibu kwamba hajawahi kusikia mbuzi aliyekufa kwa matope. Wachorongaji wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Sasa nikueleze la pampu. Uani kuna kisima kirefu cha pampu ya mkono, na wote tulikuwa tukinywa maji yake. Asubuhi moja nilipita hapo na kipima mionzi kikakazana kama mvua juu ya bati. Tope lililoganda chini ya bomba lilikuwa limejaa kitu tulichokuja kukitafuta. Nikamwita shemeji. Alichota maji akayapeleka maabara, na majibu yalipokuja kwa simu tulikuwa wawili garini, nikasikia kila neno. Walisema maji yale hayafai kunywa wala kupikia, kwamba yanaharibu figo taratibu bila mtu kujijua. Dada, mumeo alipiga usukani kwa furaha. Alisema mwamba wenyewe uko chini ya nyumba, tumeupata.

Nikamuuliza tutawaambiaje watu wa uani. Akasema tusiwaambie kitu, kwani habari ikitoka serikali itasimamisha kazi, na wale wameyanywa miaka yote, watazidishiwa nini. Wiki hiyohiyo yakaletwa maji ya chupa, yakafungiwa stoo kwa kufuli. Yetu sisi tu.

Mke wa mlinzi alikuwa na kawaida ya kutuletea birika la chai kila alasiri, hakuna aliyemwomba. Shemeji aliendelea kuipokea kwa tabasamu lile unalolijua. “Asante mama, chai yako haina mpinzani.” Akigeuka tu, anakwenda nyuma ya nyumba anaimwaga. Kisha anarudisha birika tupu na kumsifu tena. Alinielekeza nifanye vivyo hivyo, na nilifanya. Nilimwaga chai ya yule mama, nikamrudishia kikombe, nikamwambia ilikuwa tamu. Tangu siku hiyo kicheko cha mumeo kilinitia kinyaa, na nikijitazama kwenye kioo cha gari nilijionea kinyaa vilevile.

Mwishowe nilishindwa. Nilikwenda kijumbani kwao nikawaeleza yote, nimesimama mlangoni kama mtu aliyeleta msiba. Mlinzi aliuliza jambo moja tu, kama na mbuzi nao wamedhurika. Mkewe akaniambia bila hasira, “Kumbe ndiyo sababu. Nilikuwa naona sisimizi wamejaa nyuma ya nyumba, wanafuata sukari. Nilidhani mnaona mikono yangu michafu. Nilikuwa nasugua vikombe kwa majivu kila siku.”

 

Dada, hili ndilo lililokuwa likinifanya niweke kalamu chini. Utasikia kwamba maofisa wa maji wamekuja wakaifunga pampu kwa mnyororo, kazi imesimamishwa, na mumeo ameitwa kuhojiwa. Aliyemshtaki ni mimi. Nilipanda lori la sampuli nikiwa na chupa ya maji ya kisima, nikaenda mpaka ofisini kwao, nikataja jina lake kamili. Yeye alidhani ni mlinzi, akaanza kumwambia mwenye shamba amfukuze, kwa hiyo nilimfuata nikamwambia usoni. Aliniuliza kama nilikufikiria wewe na watoto. Nilimwambia ndiyo, nilikufikiria, na bado nilikwenda. Amenifukuza kazi na amesema nisikanyage kwenu. Usipotaka nije, nitaelewa, wala sitakulaumu.

Kwa sasa nipo hapa kwa mlinzi, namsaidia kuleta maji kwa punda kutoka mbali. Wote wawili wamepimwa, na mama figo zake hazikuonekana nzuri. Tunasubiri daktari atuambie zaidi.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na mama mkwe wako mfikishie heshima zangu. Kwa mumeo sina salamu.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,
Kitindamimba