Siku ya Posa Sikuwepo

Muyinga, Jumapili

Mjukuu wangu Inesi,

Sisi ni wazima, mama yako anavuna maharage. Umeniuliza kutoka Gitega usomee udaktari wa uzazi unaoupenda, au wa ngozi wenye mshahara mzuri na usingizi. Mimi bibi yako nitakueleza yote, hata ya aibu.

Wakwe walipoleta pombe ya posa, nilikuwa hospitalini nazalisha. Baba aliwaomba radhi hadi jioni. Nikaingia na gauni lenye damu.

“Bibi harusi katoka machinjioni!” shemeji akacheka.

Baba akainamisha kichwa. Mama mkwe akauliza tu, “Mtoto amelia?”

“Amelia, mama.”

Akanipa mrija wake wa pombe ninywe; ndivyo kwetu mtu anavyopokewa.

Nikikumbuka kichwa cha baba, bado naona aibu. Ila kesho yake nilirudi kazini.

Nijibu upesi: baada ya aibu kama ile, wewe ungerudi kwenye kazi ipi, ya uzazi au ya ngozi?