Mwisho wa Muluzi Wako

Papa mupenzi,

Nakuandikia toka Goma, mvua imeacha na mawe meusi bado yanatoa mvuke. Jana mchana, kule mutaa wa Mabanga, orkestra ya rock ya ujana wenu ilipiga, bazee wakacheza na makoti yao mazito. Mara umeme ukakatika. Gita ikanyamaza katikati ya wimbo, lakini bazee wakaendelea na ile sauti yake kwa muluzi, macho wamefunga.

Papa, ni ule muluzi wako wa kuita ng'ombe! Nilizania uliutunga mwenyewe kule Masisi.

"Mutoto, unalilia nini?" mama mumoja akaniuliza.

"Papa yangu hajaumaliza hata siku moja. Ng'ombe zinafikaka mbele ya kuumaliza."

Jana nimesikia mwisho wake. Ni muzuri sana.

Mungu akulinde. Jioni ukisha kusoma hii barua, hata ng'ombe zikifika, endelea.

Binti yako