Njoo Uone Siri ya Wanawake wa Kusini

Buguruni, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Baba anakunywa dawa bila kugombezwa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Barua hii nimempa dada Zuhura, jirani yangu, anayekuja huko msibani. Sikupiga simu kwa sababu wewe simu huwa unaiweka spika na kaka zangu wote wanasikiliza, na haya si ya kusikia wanaume. Soma peke yako, jikoni.

Unajua ofisi yetu ya Kariakoo inatunza mikanda ya sinema za zamani. Kila mwezi tunaalika watu bure waje waone mkanda na kumsikiliza mtaalamu. Mimi ndiye ninayetunga majina ya kuvuta watu. Bosi akiandika "Historia ya Majumba ya Sinema Mjini", nani atakuja? Mimi nikaandika "Nani Alizima Taa?", wakaja hadi wazee wa Upanga, wengine wakakosa viti. Nikavimba kichwa, nisikufiche.

Mwezi huu ukatolewa mkanda aliopiga mzungu mmoja huko kwetu, zamani, hata wewe hujazaliwa. Kwenye boksi wameandika "ngoma ya wasichana" tu. Nikajua ni siku ya kuwatoa wali waliokwisha kufundwa, ile ngoma ya uwanjani ambayo kijiji kizima hutazama, wanaume na watoto. Nikaandika: "Siri ya Wanawake wa Kusini: Njoo Uone!" Tangazo likabandikwa Kariakoo yote, likazunguka na kwenye magrupu ya WhatsApp. Ofisini simu zikawa hazikatiki.

Siku moja kabla ndipo nikauona mkanda wenyewe. Mama, si uwanjani. Ni ndani. Sijui yule mzungu alipitaje, lakini aliingia mpaka ndani, makungwi wanafundisha, na nyuso zao zinaonekana kabisa.

Nikamkimbilia bosi. "Huu tusiuoneshe."

"Kwa nini? Mkanda una nini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki, Somoe?"

Ningesemaje? Nikimweleza kwa nini usioneshwe, nimeshaitoa siri mwenyewe. Si mtu mbaya, ila ni mwanaume, tena wa kaskazini. Akacheka. "Si wewe mwenyewe uliyesema waje waone?"

Jumamosi ukumbi ukafurika, vijana wa kiume wamekaa mbele wanapiga miluzi. Nyuma wakaingia wanawake wa kwetu wanaouza korosho na makopa ya muhogo sokoni, hawacheki na mtu. Taa zilipozimwa na picha ya kwanza kutokea, wakainuka. Hawakutukana. Walivua kanga za mabegani, wakazinyoosha mbele ya pazia la sinema, wamesimama bega kwa bega, wakapiga vigelegele mpaka mtaalamu akawa hasikiki.

"Kaeni chini, tumekuja kuona!" vijana wakapiga kelele.

Miguu ikaninyanyua, Mama. Nikaenda nikashika pindo la kanga pamoja nao, machozi yananitoka, mpaka bosi akazima mashine.

Kule nje wakawa wanamlaani aliyeandika tangazo. "Katuvua nguo mchana kweupe! Hakufundwa huyo!" akasema mkubwa wao, mama mmoja muuza korosho. Kisha akanigeukia, akanifuta machozi kwa kanga yake. "Lakini wewe mwanangu umefundwa ukafundika. Mama yako nani? Nimpigie leo leo nimpe hongera."

Mama, sikuweza kulitaja jina lako. Nikasema nimechelewa, nikaondoka.

Bosi hajanifukuza, afadhali angenifukuza. Anasema vurugu zile zimetutangaza, mkanda urudiwe mwezi ujao, na mimi nitunge jina jingine, kali kuliko lile. Nikikataa atalitunga mwenyewe. Nifanyeje? Majibu yako mpe dada Zuhura mkononi, nitamngoja kwa hamu na kwa woga.

Msalimie sana baba, na kaka zangu, na wifi aliyejifungua. Msalimie na shangazi aliyenifunda. Akiuliza nafanya kazi gani mjini, mwambie niko dukani, nauza viatu.

Mwanao,
Somoe