Mupira niliyokalia Kashebere

Habineza, kamio, ile lori ya mizigo, iko inatoka Kashebere sasa hivi, mimi niko juu yake, na niko na hasira.

Wakishusha mizigo, vijana ya kamio wameangusha pipa ya mawese ya Mama Kanyere ku mawe. Ku MAWE, kaka! Imepasuka. Njo ilikuwa duka yake yote.

Mupira ya gari, ile ya kupokelea pipa isigonge chini, ilikuwa pale. Mimi nilikuwa nimeikalia!

Nikamuuliza shofa Philippe: "Mbona hamukuniinua?"
Eti: "Papa, muzee hainuliwi ku kiti!"

Nikamwambia: kitu ikianguka metre moja, ikasimama ndani ya sentimetre moja, inagonga karibu mara mia ya uzito wake. Mupira ingebonyea sentimetre makumi mbili, ingekuwa mara sita tu.

Mara mia, Habineza. Juu ya heshima!

Kanyere amebaki anachota mafuta na matope. Philippe anaendesha. Mimi nimekalia mupira ileile.