Binti Aliyenusurika Kuitwa Nikeli

Zuhura mdogo wangu,

Hujambo huko Tanga? Upepo wa Dodoma bado unamimina vumbi kwenye chai ya mtu bila kuuliza.

Jana tulifanya akika ya binti wa Sudi, mtoto wa marehemu ndugu yetu, kule nyumbani mtaa wa Kikuyu. Mimi, kama mkubwa wa ukoo, ndiye niliyepaswa kutaja jina, na nilikuja na la mama yetu, nikihofu hapa limesahaulika. Sudi, msomi wa kemia, akanitangulia.

"Baba Mkubwa, aitwe Nikeli."

Akatueleza kwamba vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vina kitu cha manjano: pete nne ndogo zilizoungana kuwa moja kubwa, na katikati atomi ya nikeli. Bila hicho, kimeng'enya chao hakitengenezi gesi. Wataalamu wamekiita F430, F ya faktori, na namba ni kipimo cha mwanga kinaoufyonza zaidi.

"Wasomi wote hao hawana hata shangazi wa kuwachagulia jina?" nikamwuliza. "Hiyo ni namba ya gari!"

"Na hiyo gesi ni ya nini?" akauliza mkewe.

"Ng'ombe anaitoa kwa mbweu."

"Basi wewe kazae wako umwite hivyo. Baba Mkubwa, tutajie jina."

Nikasema Mwanahawa. Majirani wazee wakafuta machozi.

Mungu akupe afya uje umwone. Mama, ambaye hakuna aliyethubutu kumwinulia sauti, karibu ataanza kuamrishwa akaoge.

Kaka yako,
Hemedi